Kutia Maharage Mabichi Katika Chupa: Khatari Yake na Njia Zilizo Salama

Kila unapofika wakati wa kipupwe, bustani za wanachama wetu hutoa maharage mabichi zaidi ya yanavyoweza kuliwa nyumbani au kuuzwa sokoni kwa bei ya maana. Tunakusudia yale maharage machanga yanayopikwa na maganda yake. Kwa hiyo ofisi ya Chama imekuwa ikipokea masuala juu ya jambo moja: je, yawezekana kuyatia maharage hayo katika chupa, nyumbani, yakakaa miezi bila ya kuharibika? Baadhi ya wanachama wameona chupa za namna hiyo kwa jamaa zao wanaoishi Uingereza na Marekani. Wengine wanafikiri ya kwamba katika mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, chupa za mboga zaweza kuingiza fedha kidogo. Na wako waliokwisha kujaribu kwa kuchemsha chupa ndani ya sufuria ya pilau. Khasa kwa ajili ya hao wa mwisho tumeona jawabu hili lisicheleweshwe.

Jawabu lenyewe ni kwamba yawezekana, lakini si kwa sufuria ya kawaida. Maharage yaliyotiwa chupani na kuchemshwa katika maji tu, hata yakichemshwa kutwa nzima, yaweza kumuua mwenye kuyala. Hatusemi maneno haya kwa kutaka kutisha watu. Tutaeleza sababu yake, ili kila mmoja aijue mwenyewe asije akafuata maneno ya Katibu kwa kuwa ni maneno ya Katibu.

Kazi hii ya kuhifadhi chakula ndani ya chupa ilianza Ufaransa. Nicolas Appert, aliyekuwa mtengenezaji wa vitu vitamu, aliona ya kuwa chakula kikitiwa katika chupa ya kioo, kikazibwa barabara, kisha chupa ikachemshwa katika maji, hukaa muda mrefu bila ya kuoza. Serikali ya nchi yake ilimpa tunzo ya faranga 12,000, na mwaka 1810 akatoa kitabu cha kueleza njia yake. Mwaka huo huo Peter Durand wa Uingereza alipata hati ya kutumilia makopo ya bati badala ya chupa. La ajabu ni kwamba Appert hakujua kwa nini njia yake inafaa. Khabari za vijidudu vinavyoozesha chakula hazikufahamika vyema mpaka baada ya kazi za Louis Pasteur katika miaka ya 1860. Mwaka 1858 Mmarekani John Mason alipata hati ya chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, na tangu hapo mabibi wa Marekani wakaingia kwa nguvu katika kazi hii, maana huko baridi huua bustani miezi mingi, na asiyeweka akiba wakati wa joto hana mboga wakati wa theluji.

Kwa zaidi ya miaka mia watu walichemsha chupa zao tu. Wengi walisalimika, na wengine walifariki bila ya jamaa zao kujua kilichowaua.

Kilichowaua ni kijidudu kinachoitwa Clostridium botulinum. Makao yake ni udongo, na kwa hivyo kimo bustanini, na hupanda juu ya maharage pamoja na vumbi na matone ya mvua. Tukila maharage ya siku ile ile hakitudhuru. Lakini kijidudu hiki kina tabia mbili zinazopasa kukumbukwa. Tabia ya kwanza ni kwamba kinapoona mambo si mazuri hujigeuza kuwa kama mbegu yenye ganda gumu, na mbegu hiyo haifi katika maji yanayochemka, hata ikichemshwa saa nyingi. Tabia ya pili ni kwamba hakipendi hewa. Mahali penye hewa mbegu hulala. Mahali pasipo hewa, penye unyevu, pasipo ukali na penye joto kama la nyumba zetu, mbegu huamka, huzaana, na hutoa sumu. Sasa tazameni chupa ya maharage iliyochemshwa na kuzibwa. Hewa imetolewa, maji yamo, ukali hamna, na vijidudu vingine ambavyo vingeliweza kushindana nacho vimekwisha kufa kwa moto. Mwenye kuchemsha chupa hiyo amekitandikia adui yake kitanda.

Sumu yenyewe ni katika sumu kali kabisa zijulikanazo duniani, na kiasi kidogo mno chatosha kumdhuru mtu mzima. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa sababu huko Ujerumani katika miaka ya 1820 daktari Justinus Kerner aliandika khabari za watu waliodhurika kwa soseji. Kijidudu chenyewe kilipatikana Ubelgiji na Emile van Ermengem baada ya watu kudhurika kwa nyama ya nguruwe mwaka 1895. Nyama hiyo haituhusu, lakini kijidudu hakichagui. Mwaka 1919 na 1920 kiliua watu Marekani kwa zeituni zilizohifadhiwa. Mwaka 1922 watu wanane walifariki Loch Maree, Scotland, kwa nyama ya bata iliyosagwa na kutiwa katika chupa. Hata jirani zetu wa Kenya walipatwa na msiba huo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kula kumbikumbi. Wala si mambo ya zamani tu: Aprili 2015, katika jimbo la Ohio, Marekani, watu 29 waliugua na mmoja akafariki baada ya kula saladi ya viazi katika karamu ya kanisa. Viazi hivyo vilikuwa vimetiwa chupani nyumbani na kuchemshwa katika maji, bila ya mvuke wa nguvu.

Hapa baadhi ya wanachama watauliza: mbona bibi zetu wametengeneza achari ya embe na ya ndimu miaka yote, ikakaa juani na kabatini, na hakuna aliyekufa? Suala hili ni zuri, na ndani yake ndimo mlimo ufunguo wa mambo yote. Wataalamu hupima ukali wa chakula kwa tarakimu, na kadiri tarakimu inavyopungua ndivyo ukali unavyozidi. Mpaka uliowekwa ni 4.6. Chini ya hapo mbegu za kijidudu hiki haziwezi kuamka. Ndimu iko kiasi cha 2, na embe bichi haiko mbali sana na hapo. Maharage mabichi yako baina ya 5 na 6 na zaidi, na kunde, bamia, mahindi mabichi, nyama na samaki zote ziko upande huo huo wa khatari. Tungule ziko mpakani, na kwa hiyo wanaozitia chupani huambiwa waongeze maji ya ndimu ya dukani, vijiko viwili vikubwa kwa kila chupa ya lita. Achari ya embe hujilinda yenyewe kwa ukali wake. Maharage hayana silaha hiyo mpaka tuyape.

Jambo jingine tulilolisikia, na ambalo kwa Chama chetu ni la kufurahisha na la kuogopesha kwa pamoja, ni kwamba wako wanaotia punje tatu nne za karafuu ndani ya chupa kwa imani kuwa karafuu itazuia uharibifu. Ni kweli mafuta ya karafuu yana nguvu dhidi ya vijidudu. Ndiyo maana watu huyatumilia kwa meno, na ndiyo sababu mafuta ya makonyo yanayotengenezwa Wawi yana wanunuzi. Lakini kiasi cha mafuta kinachotoka katika punje tatu ndani ya chupa ya maharage si kiasi cha kutegemea, na mwenye kutia kiasi kikubwa atapata kitu kisicholika. Sisi tunaouza karafuu tungependa sana kusema vinginevyo. Tieni karafuu kwa ajili ya harufu na ladha, msiitie kama mlinzi.

Basi wanaotia maharage chupani kwa salama hufanyaje? Hutumia mvuke uliofungiwa. Maji ya kawaida hayapiti digirii 100, yaani 212 kwa kipimo cha zamani, hata moto ukizidishwa namna gani. Lakini mvuke ukifungiwa ndani ya chombo kizito chenye kifuniko cha kukaza, joto hupanda. Kwa mgandamizo wa ratili 10 juu ya kila inchi ya mraba joto hufika kiasi cha 116, na joto hilo ndilo linaloua mbegu. Mwaka 1917 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliitambua njia hii kuwa ndiyo ya pekee iliyo salama kwa mboga zisizo na ukali, na mpaka leo haijabadilika.

Tahadhari: chombo hicho si ile presha kuka ndogo ya kupikia maharage makavu au nyama ngumu. Ile ndogo hupata joto upesi na kupoa upesi, na muda ulioandikwa vitabuni ulipimwa kwa chombo kikubwa kinachochukua walau chupa nne za lita zikiwa zimesimama. Asiyekuwa nacho asijaribu kukisia.

Kwa mwanachama aliyeletewa chombo hicho na jamaa zake, kazi ni hivi. Achague maharage machanga yavunjikayo kwa mlio, ayaoshe, aondoe ncha, ayakate vipande vya inchi moja au zaidi. Ayajaze katika chupa safi zenye moto, amimine maji yanayochemka, na aache nafasi ya inchi moja chini ya mdomo. Atoe mapovu ya hewa, afute mdomo wa chupa, afunge kifuniko kipya, kwani vile vifuniko bapa vya bati havitumiki mara mbili. Chomboni mtiwe maji kama kitabu chake kinavyosema, chupa zipangwe, kifuniko kikazwe, na mvuke uachwe utoke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuufungia, ili hewa yote itoke. Mgandamizo ukishafika ndipo hesabu ianze: dakika 20 kwa chupa za nusu lita, dakika 25 kwa chupa za lita. Mgandamizo ukishuka chini hata mara moja, hesabu huanza upya tangu mwanzo. Wengi huona uvivu hapa, nasi tunawaomba wasione uvivu. Muda ukitimia moto uzimwe na chombo kiachwe kipoe chenyewe, kisimwagiwe maji.

Visiwa vyetu havina milima, kwa hivyo ratili 10 kwa chombo chenye kizito, au 11 kwa chombo chenye geji ya mshale, zatosha Unguja na Pemba. Mwenye jamaa Nairobi au Arusha asimpe tarakimu hizi. Huko juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi, na mgandamizo lazima uzidishwe: 15 kwa chombo cha kizito, na Nairobi 13 kwa chombo cha geji.

Tukishasema hayo, twapenda kutoa rai yetu waziwazi. Kwa mkulima wa kisiwa hiki hatuoni faida kubwa ya kununua chombo hicho. Bei yake ni kubwa, vifuniko vyake huagizwa mbali, na mkaa au gesi itakayotumika huenda ikapita thamani ya maharage. Mwenye theluji mlangoni ana udhuru. Sisi ardhi yetu haijafungwa mwezi wowote wa mwaka. Shida yetu ni wingi wa majuma machache tu, na kwa shida hiyo ziko njia nyepesi.

Njia tunayoipenda zaidi ni kuyapa maharage ukali kwa siki. Kwa ratili nne za maharage tumieni vikombe vinne vya siki, vikombe vinne vya maji na nusu kikombe cha chumvi safi. Siki iwe ya dukani iliyoandikwa asilimia 5. Siki ya kutengeneza nyumbani haijulikani nguvu yake, na hapa nguvu ndiyo inayolinda roho za watu, basi msiitumilie kwa kazi hii, wala msizidishe maji kwa kuona kuwa ni kali mno. Chupa nane za nusu lita zichemshwe tupu dakika 10. Maharage yakatwe urefu wa kuingia chupani yakiwa yamesimama, na kila chupa itiwe punje moja ya thomu, pilipili kavu kwa apendaye, na karafuu moja au mbili kwa heshima ya Chama. Siki, maji na chumvi zichemke, zimiminwe zikiwa moto mpaka nusu inchi chini ya mdomo, chupa zifungwe, kisha zichemshwe dakika 5 ndani ya maji yaliyozifunika. Hapa kuchemsha kwa kawaida kunatosha kwa sababu ukali umekwisha kufanya kazi kubwa. Baada ya majuma machache ladha imekolea, na kwa wali na samaki wa kukaanga si haba.

Mwenye friza na aionaye bei ya umeme kuwa si tatizo, ayachovye maharage katika maji yanayochemka dakika 3, ayapoze kwa maji baridi, ayakaushe, ayatie katika mifuko na kuyagandisha. Umeme ukikatika asiifungue. Friza iliyojaa na kufungwa hustahimili kiasi cha siku mbili.

Kuanika ni jambo tunalolijua kuliko watu wengi. Kila mwanachama anajua ya kuwa karafuu inayopata jua zuri hukauka kwa siku chache ikavunjika mkononi, na ile iliyofungwa mbichi au kunyeshewa hufura na kupoteza rangi na bei. Maharage ni vivyo hivyo: yachovywe kwanza katika maji moto, yaanikwe juu ya chekeche au mkeka safi, yafunikwe kwa kitambaa chepesi, yaingizwe ndani usiku, mpaka yavunjike kama kijiti. Lakini hewa ya visiwani ina unyevu mwingi, na maharage yana maji mengi kuliko tumba la karafuu, kwa hiyo siku ya mawingu isianzwe kazi hii. Wala yasianikwe kwenye mkeka mmoja na karafuu, kwani harufu haitatoka tena. Na iko njia ya wazee isiyohitaji chupa wala siki, nayo ni kuyaacha yaliyobaki yakomae na kukauka mitini, yakapurwa na kuwekwa kama maharage makavu. Wengi katika waliotuuliza hawakuifikiria hata kidogo.

Sasa kwa wale waliokwisha kutia maharage chupani kwa kuchemsha tu, na chupa ziko kabatini. Msizifungue ili kuonja. Chupa mbaya pengine huvimba kifuniko, hutoa povu au hunuka, lakini pengine haina dalili yoyote, haina harufu wala ladha, na kijiko kimoja cha kuonja kimetosha kuleta maafa. Msiwape mbuzi wala kuku, nao hufa kwa sumu hii. Zitieni katika mfuko zikiwa zimefungwa na mzifukie shimo refu, mbali na watoto na wanyama. Tunajua ni uchungu kufukia kazi ya mikono.

Hata chupa zilizopikwa kwa mvuke wa nguvu, tunashauri maharage yake yachemshwe dakika 10 kabla ya kuonjwa. Sumu yenyewe, tafauti na mbegu, huvunjika kwa kuchemshwa. Lakini hii ni tahadhari juu ya kazi iliyofanywa vyema, si dawa ya kazi iliyofanywa vibaya.

Dalili za sumu hii huanza mara nyingi baada ya saa 12 mpaka 36, na pengine hukawia siku kadhaa. Mtu huona vitu viwili viwili au macho huingia ukungu, kope hulegea, kinywa hukauka, ulimi huwa mzito, na kumeza huwa taabu. Kisha ulegevu hushuka mikononi na miguuni mpaka kifua kikashindwa kuvuta pumzi. Homa kwa kawaida haina, na akili ya mgonjwa huwa timamu, ndiyo maana watu hudhani amerogwa au amepatwa na kiharusi. Apelekwe hospitali mara moja bila ya kungoja kesho, na daktari aambiwe kwa ulimi wazi: amekula chakula cha chupa. Chupa yenyewe ichukuliwe ikiwa imefunikwa. Dawa ya kuzuia sumu hii ipo duniani, nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Kuhusu kuuza, Chama hakitaweka katika duka lake wala kupeleka hotelini chupa ya mboga isiyo na siki iliyotengenezwa nyumbani, hata kama mwenye nayo ni mwanachama wa miaka mingi. Achari ya siki ni jambo jingine, lakini anayetaka kuiuza aulize kwanza Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar juu ya kibali na maandishi ya chupa.

Wanachama wenye chombo cha mvuke chenye geji ya mshale waandikishe majina yao ofisini. Geji hupaswa kupimwa kila mwaka, na kuitafutia mpimaji mmoja kwa geji nyingi ni rahisi kuliko kila mtu kwenda peke yake.

Katibu